Jihadae Uishi: Hila za Kuulinda Moyo Ukishavuka Sitini

Mwenzangu uliyevuka sitini, sogea karibu. Haya tutakayozungumza watoto wasiyasikie, maana wakishayajua watakusimamia.

Sitakuambia ubadilike. Daktari amekwisha kukuambia: punguza chumvi, tembea, acha sigara, meza dawa. Ukaitikia "sawa daktari", ukatoka, na pale langoni ukanunua mihogo ya kukaanga, ukaomba iongezwe chumvi na pilipili. Sikulaumu. Mtu mzima habadilishwi kwa amri. Angekuwa wa kubadilika kwa amri, marehemu mama yake angefaulu zamani. Mtu mzima huhadaiwa, na wa kumhadaa vizuri ni yeye mwenyewe. Unajijua. Unajua unavyopenda kusifiwa, unavyochukia kuonekana mgonjwa, na unavyoitafuta njia ya mkato hata ukienda msalani. Wengine huziita tabia hizo udhaifu. Mimi naziona ni vibarua watatu waliokaa bure miaka yote, na leo tunawapangia kazi.

Hila ya kwanza: uvivu ulinde chumvi

Kikopo cha chumvi kikiwa mezani, mkono utakifikia kabla ulimi haujaonja. Usijikataze. Kiondoe mezani, kiweke jikoni, rafu ya juu kabisa, nyuma ya debe la unga. Kila ukikitaka, inuka ukakifuate. Siku mbili utainuka. Siku ya tatu utasema mboga haina kasoro.

Kisha kula njama na mpishi. Awe mkeo, mkweo au binti wa kazi, mwambie apunguze kiasi kidogo tu wiki hii, na kidogo tena wiki ijayo, na asimwambie mtu. Ukitangaza, watalalamika hata kabla chumvi haijapungua. Usipotangaza, ndimi za nyumba nzima zitazoea baada ya wiki kadhaa, na siku mtakapokula kwa jirani mtauona mchuzi wake ni wa bahari.

Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai kilichofutwa juu. Ndani ya hesabu hiyo imo chumvi ya mkate, ya achari, ya ng'onda na ya vile viungo vya paketi vinavyomiminwa kwenye mchuzi. Ng'onda usimfukuze nyumbani. Mloweke, mwaga maji, mloweke tena, mwaga tena. Pengo la chumvi lizibe kwa ndimu, ukwaju, embe bichi, tangawizi, kitunguu saumu na pilipili.

Chumvi huyashika maji mwilini. Maji yakizidi, damu ya kusukumwa nayo huongezeka, na mishipa ya umri wetu imekwisha kukakamaa, haitanuki ilivyokuwa ikitanuka ujanani. Anayelipa deni hilo ni moyo. Unasukuma kwa nguvu zaidi kila pigo, mchana na usiku, ukuta wake unanenepa, na mwisho unachoka. Hakuna siku moja utakayoisikia kazi hiyo ya ziada. Ndiyo maana nakuomba uanze na kile kikopo.

Kuhusu shughuli za watu: pilau usiikatae, utamuudhi mwenye shughuli na utaulizwa unaumwa nini. Kama mnakula sahani mojamoja, tangulia na kachumbari na mchicha mpaka nusu ya sahani, ndipo pilau ipate nafasi iliyobaki. Kama mnakula sinia moja, wamegee vijana nyama yenye mafuta. Wasukumie upande wao, sema "kuleni wanangu, nyinyi bado mnakua." Utasifiwa kwa ukarimu mpaka nje ya ukumbi, na mafuta yatakuwa yamekwenda kwa wenye miguu ya kuyachoma.

Hila ya pili: usifanye mazoezi

Raba mpya, jasho barabarani, watoto wa mtaa wakikupigia makofi. Sahau hayo. Wewe huna mazoezi. Una shughuli zako.

Chagua msikiti wa pili kwa umbali, au kanisa utakalofika kwa miguu, au baraza la kahawa la mtaa wa pili ambako hadithi zako hazijasikika. Shuka kwenye daladala kituo kimoja kabla. Vaa vizuri, kanzu iliyopigwa pasi au koti lako la heshima, kisha tembea kwa mwendo wa mtu anayesubiriwa mahali. Watu watasema mzee bado ana mambo yake. Waache waseme. Mwendo unaokufaa ni ule unaokuwezesha kuzungumza lakini usiokuwezesha kuimba. Dakika 150 kwa wiki ndizo zinazopendekezwa, yaani nusu saa kwa siku tano, na unaweza kuzigawa vipande vipande. Kama miguu au kifua hakiruhusu, anza na kiasi kinachoruhusu, na mwambie daktari kinachokuzuia.

Kwako mama, hila ni shoga. Mwahidi mwenzako kwamba saa kumi na mbili na nusu asubuhi mtakutana kwenye kona. Siku utakayotaka kulala, utamkumbuka amesimama peke yake na khanga yake, na haya zitakuamsha.

Halafu kuna jambo la mjukuu. "Hebu kaninunulie kiberiti." "Hebu niletee miwani." "Hebu nifungulie mlango." Kila ukimtuma, umempa hatua zako, na yeye anazo za kutosha. Mtume shuleni tu. Kiberiti kafuate mwenyewe.

Nikuambie kisa cha makondakta, maana kinanipendeza kila nikikifikiria. Mwaka 1953, daktari Jerry Morris na wenzake walichapisha uchunguzi wao juu ya wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa ya London. Dereva na kondakta walikuwa basi moja, mji mmoja, mshahara wa tabaka moja. Dereva alikaa kitini karibu zamu nzima. Kondakta alipanda na kushuka ngazi za basi, mamia ya ngazi kwa siku, akikata tiketi. Madereva ndio waliopata maradhi ya moyo zaidi, na mshtuko wa moyo uliwaua mapema zaidi. Mwaka 1956 kundi hilohilo la watafiti likaenda kutazama sare za kazi, likakuta viuno vya suruali za madereva ni vipana kuliko vya makondakta. Suruali ilikuwa ikitoa siri. Kondakta hakupanda ngazi hizo kwa ajili ya mazoezi. Alikuwa akitafuta riziki. Morris mwenyewe aliendelea kujishughulisha mpaka uzeeni, akafa mwaka 2009 akiwa na miaka 99.

Kwa kuwa tumeitaja suruali, funga mlango sasa. Chukua kamba, ipime na urefu wako kutoka utosini hadi kisiginoni, uikate. Ikunje katikati. Hiyo nusu izungushe kiunoni, juu kidogo ya kitovu, bila kubana tumbo ndani, hakuna anayekuona. Ncha zikikutana, vizuri. Zisipokutana, kitambi kimezidi, na mafuta yaliyojificha humo ndani ndiyo yanayovuta kisukari, presha na mishipa kuziba. Najua kwetu kitambi kimeheshimiwa muda mrefu kuwa ni dalili ya neema. Heshima hiyo sasa ihamishie kwenye kanzu. Kamba itunze, uirudie baada ya miezi mitatu.

Hila ya tatu: pata namba nzuri kwa haki

Wengi hawapimi presha kwa sababu moja tu: wanaogopa namba. Basi nitakufundisha namna ya kupata namba ya chini kadiri iwezekanavyo bila kumdanganya muuguzi.

Nusu saa kabla ya kupimwa usinywe kahawa, usivute sigara, usipande kilima. Nenda haja ndogo kwanza. Kibofu kilichojaa hupandisha presha. Ukifika, usikubali kuvikwa mkanda wa mashine ukiwa bado unahema. Kaa dakika 5. Mgongo uegemee kiti, nyayo zote mbili ziguse sakafu, miguu isipishane. Mkono uwe wazi, usiwe ndani ya mkono wa koti, na uegemezwe mezani usawa wa moyo. Kisha nyamaza. Hili la mwisho ndilo gumu kwetu, maana muuguzi ni mtoto wa fulani na una salamu za kumpa. Mpe baadaye, kuzungumza nako hupandisha namba. Omba akupime mara mbili.

Ukifanya hayo yote umeondoa kila kisingizio, na namba iliyobaki ni yako kweli. Namba ya juu ikiwa 140 au zaidi, au ya chini ikiwa 90 au zaidi, na ikarudi hivyo siku nyingine, una presha ya kutibiwa. "Lakini najisikia vizuri" si kipimo. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilikadiria watu bilioni 1.28 wenye umri wa miaka 30 hadi 79 wana shinikizo la juu la damu, na karibu nusu yao hawajui. Nao walikuwa wakijisikia vizuri. Presha hukaa kimya miaka mingi, ikila moyo, figo, macho na ubongo, na mara nyingi tangazo lake la kwanza ni kiharusi.

Kama haya zinakuzuia kwenda zahanati, usiende kwa ajili yako. Msindikize mkeo. Mkiwa pale, mwambie muuguzi: "Basi na mimi nipime, nisikae bure." Na hospitali nyingi za umma Tanzania zina dirisha la wazee. Najua unalipita, unakwenda kupanga foleni na vijana ili usiitwe mzee. Ingia dirisha la wazee, umalize mapema, urudi barazani ukaonekane kijana huko.

Hila ya nne: dawa zifuate mazoea yako

Usitegemee kumbukumbu. Tegemea mazoea. Vidonge viweke pale unapofika kila siku bila kukumbushwa: kando ya mswaki, kando ya birika la kahawa, au mahali unapoweka meno ya bandia usiku, lakini juu, wajukuu wasivifikie. Ukiwa na vya aina nyingi, tafuta kijisanduku chenye vyumba saba, kimoja kwa kila siku, ukijaze Jumapili. Utajua kwa jicho kama jana umemeza au ulidhani umemeza.

Kuna kosa moja linaloua watu wetu: "dozi imeisha, nimepona." Malaria humalizwa kwa dozi. Presha hushikwa, na ukiiachia inarudi. Namba ikiwa nzuri ukiwa unameza dawa, maana yake dawa inafanya kazi, endelea. Wala usiazime vidonge vya jirani kwa kuwa yeye vimemkubali.

Dawa ikikuudhi, isemee. Baadhi huleta kikohozi kikavu, nyingine huvimbisha vifundo vya miguu, nyingine hukutoa harusini kwenda haja ndogo kila baada ya muda mfupi. Zipo nyingine za kubadilishia, na muda wa kumeza nao hubadilishwa. Daktari hawezi kubadilisha kitu anachodhani unakimeza kumbe umekitupa uvunguni. Ukifunga Ramadhani, muone kabla mwezi haujaandama, akupangie dawa za futari na za daku, au akuambie kama mwili wako hauwezi kufunga. Na unapoamka usiku, keti kwanza ukingoni mwa kitanda, hesabu pumzi chache, ndipo usimame. Dawa za presha zinaweza kukufanya upate kizunguzungu ukiinuka ghafla, na nyonga iliyovunjika uzeeni ni msiba mwingine.

Huna ujasiri wa kumweleza daktari kila unachotumia? Usieleze. Chukua kapu, tia humo kila kitu: vidonge vya hospitali, vya duka la dawa, mizizi ya mzee wa kijijini, chupa ya asali na vitunguu saumu aliyokuuzia mtu kwenye basi. Yamwage mezani kwake, unyamaze. Yataongea yenyewe. Hasa zile dawa za maumivu ya magoti unazonunua bila cheti. Diklofenaki na ibuprofeni hupandisha presha na kuyashika maji mwilini, na moyo uliodhoofika zinaweza kuuzidishia udhaifu. Wazee wengi wanameza dawa ya presha asubuhi na diklofenaki jioni, moja ikishusha, nyingine ikipandisha, na wao katikati wanashangaa.

Sasa wanaume, sogeeni zaidi. Vidonge vya nguvu za kiume mnavyonunua kwa kunong'ona navyo vitieni kapuni. Mtu aliyepewa dawa ya nitrati, ile ya kuweka chini ya ulimi kifua kinapobana, akiichanganya na sildenafili, mojawapo ya vidonge hivyo, presha inaweza kuporomoka mpaka afe. Na nguvu zikipungua, usikimbilie muuzaji. Mishipa ya sehemu hiyo ni myembamba kuliko ya moyo, kwa hiyo huweza kuanza kuziba mapema, miaka kabla moyo haujalalamika. Huo ni ujumbe wa thamani, umekuja mapema. Ukishindwa kuutamka mbele ya daktari mwenye umri wa binti yako, andika kwenye karatasi, umpe, uangalie dirishani. Atasoma. Amesomea hayo.

Hila ya tano: sigara, kwa ufupi

Acha kwa sababu ya mjukuu, maana kwa sababu yako mwenyewe umekwisha kushindwa. Sema moshi unamkohoza mtoto. Kila mtu atakuheshimu na hakuna atakayekuuliza kama unaogopa kufa. Mwaka mmoja baada ya kuacha, hatari ya maradhi ya mishipa ya moyo iliyoletwa na sigara hupungua kwa karibu nusu. Ugoro na shisha visichukue nafasi yake.

Hapa hakuna hila

Mpaka sasa nimekuruhusu uhadae. Hapa nakataza.

Kifua kikibana, kizito, kwa dakika kadhaa, maumivu yakienda mkononi, shingoni, kwenye taya au mgongoni, jasho la baridi likakutoka, nenda hospitali saa hiyohiyo. Kwa wazee, kwa wanawake na kwa wenye kisukari, maumivu ya kifua yanaweza yasiwepo kabisa. Huja pumzi kukatika, kichefuchefu, uchovu wa ghafla usio na sababu. Mama anayehudumia nyumba nzima huuita uchovu wa kazi, akaendelea kukuna nazi. Baba huuita gesi au vidonda vya tumbo, akaagiza soda. Wengine huenda kuoga kwanza na kutafuta nguo nzuri. Wakati huo sehemu ya msuli wa moyo haipati damu, na inakufa kidogo kidogo kadiri dakika zinavyokwenda. Kilichokufa hakifufuki. Uso ukipinda upande mmoja, mkono ukalegea, maneno yakavurugika, hicho ni kiharusi, na haraka ni ileile.

Zipo na dalili za polepole: miguu inayovimba na ukiibonyeza hubaki shimo, mto mmoja wa kulalia uliogeuka mitatu, kuamka usiku ukitafuta hewa. Hizo usingoje kliniki ya mwezi ujao.

Najua aibu yako haitakuacha hata siku hiyo, kwa hiyo iandalie mapema. Leo jioni tundika nyuma ya mlango nguo moja safi ya kutokea. Mfukoni tia kadi yako ya bima au ya kliniki, orodha ya dawa zako, na fedha ya usafiri. Kisha tafuta namba ya jirani mwenye gari, au ya kijana wa bajaji anayelala mtaa wenu, uibandike ukutani kwa maandishi makubwa, na umwonyeshe kila mtu wa nyumbani ilipo. Huyo kijana mwambie leo kwamba unaweza kumpigia usiku wa manane. Atakubali. Nenda kamuulize kabla hujalala.